Baba Hakuwa Amelewa

New York, 3 Februari 1937

Kaka Ondrej,

Hujambo na wote hapo? Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mimi mzima, ila moyo unanidunda. Baada ya miaka kumi ya kuosha vyombo hotelini na kuandika usiku, tamthilia yangu imepata mfadhili. Itaanzia Pittsburgh, ikipendwa ndipo ije huku.

Tatizo ni moja. Mfadhili huyo, Bwana Tate, hataki baba wa kwenye mchezo auawe na mnyororo mbovu wa kiwanda cha chuma, kama alivyokufa baba yetu. Anataka afe kwa ulevi wake, watu walie bila yeye kugombana na tajiri yeyote. Kwa mkataba wetu hawezi kubadili neno nisipokubali. Anaweza tu kuiacha. Nataka kukataa. Lakini anayefanya kazi kiwandani hapo hadi leo ni wewe. Niambie.

Mdogo wako, Verona

Millvane, 9 Februari

Mdogo wangu,

Sote wazima. Mama anakoroma hapa kitini, ukimwuliza atasema anasali. Verona, mleweshe tu. Wakubwa wa kiwanda wakijua dada yangu anawaanika nitafukuzwa, na nina watoto wanne. Baba hatafufuka. Ila Mama asijue.

Kaka yako, Ondrej

Pittsburgh, 2 Aprili

Kaka,

Habari za huko? Nimemlewesha. Jana ukumbi ulijaa, watu walilia, magazeti yanasifu. Nilipotoka kuwainamia niliona aibu tupu.

Verona

Millvane, 6 Aprili

Verona,

Huku si kuzuri. Mama alisomewa gazeti kanisani, Jumamosi akapanda treni bila kuaga, akaja kuuona mchezo wako. Tangu arudi hali chakula. Jana akaniuliza, "Nani kamwambia yule mtoto baba yake alikuwa mlevi? Miaka kumi na sita nawabishia watu wa kiwanda wanaosema alilewa, leo mwanangu mwenyewe ndiye anayesema, na watu wanapiga makofi!" Nikajibu, "Ni mimi, Mama." Afadhali angenipiga kibao.

Leo nimemwambia msimamizi kwamba mnyororo ulikuwa mbovu, wote tulijua, na dada yangu atalisema hilo jukwaani. Kazi sina tena, kwa hiyo usinifanye mimi kisingizio. Andika.

Kaka yako

Pittsburgh, 10 Aprili

Kaka yangu,

Pole, na asante. Nimerudisha maneno yangu yote. Tate kafunga onyesho siku hiyohiyo, kasema sitaona tena jukwaa la maana. Basi nimepata lisilo la maana: Jumapili ijayo tunacheza kwenye ukumbi wa Waslovaki, nyuma ya kanisa lenu. Waigizaji watano wamebaki nami. Anayemwigiza baba hajawahi kuona tanuru, njoo mapema umfundishe.

Njoo na Mama. Mwambie asinisamehe bado. Aje aone kwanza.

Verona wenu