Koti la Bundala na Majani ya Magimbi

S.L.P. 74,
Bariadi,
Shinyanga.
12 Machi 1995

Mpendwa kaka Paschal,

Mwangaluka kaka! Habari za Dar es Salaam? Wifi Flora na watoto hawajambo? Nasikia joto la huko halina huruma. Sisi huku tu wazima, na neno hilo safari hii naliandika kwa furaha.

Koti la mvua tulilipata kwa dereva wa basi. Asante sana kaka, na asante tena. Unajua shemeji yako Bundala alivyougua kifua kikuu mwaka jana, na daktari alivyomwonya asinyeshewe. Lakini kazi yake ya ukatekista ni baiskeli, na vigango vya parokia havingoji kiangazi. Siku ya kwanza alirudi nalo kwenye mvua, matone yanateleza juu yake na kuondoka na vumbi lote. Nikasema, hee, nguo inajifua yenyewe!

Basi akaja mama mkwe wangu, Kwandu, kutoka Kimali. Kusikia tu kwamba ni mtumba, akang'aka: "Mwanangu havai nguo ya kafa Ulaya ambayo haijafuliwa!" Mimi nilikuwa sokoni. Narudi, koti limechemshwa na kusuguliwa kwa brashi na hizi sabuni mpya za unga zilizojaa madukani, liko kambani, mama anatabasamu.

Mvua iliyofuata ilipenya kama kwenye chandarua. Bundala alifika nyumbani anatetemeka, na kikohozi kikaanza upya. Kaka, niliogopa mpaka chakula kikanishinda. Mama naye alijikunyata jikoni.

Dawa ya koti niliiona nyuma ya bafu, kwenye magimbi yangu. Maji safi yakidondoka juu ya jani hayalali. Yanabaki mviringo kama gololi, yanabingirika na kuzoa vumbi, jani linabaki safi. Lakini majani niliyoyamwagia maji ya kufulia yalikuwa yamelowa, uchafu umeganda palepale. Nikasugua jani jingine kwa kidole, ule unga mwembamba kama nta ukatoka, nalo likalowa vilevile. Nikaelewa kuwa sabuni imebaki kwenye koti, na brashi imekula nta yake iliyokuwa ikizuia maji.

Nikalisuuza kwa maji matupu mpaka povu likaisha. Mama akafunga safari hadi Kimali, akaja na nta ya nyuki. Tukaipaka, akaiyeyusha kwa pasi ya mkaa, taratibu, kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake. Halafu akamvika mwanawe na kummwagia kata nzima ya maji mgongoni, majirani wanatazama! Maji yakakimbia. Akaingiza mkono ndani, akampapasa kifua.

"Mkavu," akasema, machozi yanamtoka.

Hospitali walimpima, wakasema ule ugonjwa haujarudi. Kikohozi nacho kimekwisha, Mungu ni mwema.

Ninavyoandika mvua inapiga bati na Bundala yuko njiani na baiskeli yake, nami nimekaa zangu naandika barua. Mwaka jana ningekuwa nimesimama mlangoni.

Nisalimie wifi Flora, Jilala na Debora. Mama Kwandu anakusalimu sana, anasema ukituma nguo nyingine umwambie kwanza kama inafuliwa. Mungu awafunike nyote, usiku na mchana.

Mdogo wako akupendaye,
Klementina