Saa ya Kule

Jumapili, 1 Juni

Leo asubuhi Rabson amemwita mtoto "Erica". Erica ni marehemu dada yake! Mtoto wetu ni Faith. Amecheka, ati ulimi umeteleza. Lakini kikombe kilikuwa kinamtetemeka mkononi. Bingwa wa ngumi, uzito wa juu, miaka sita hakuna aliyemnyang'anya mkanda — na chai inamwagika mezani. Daktari alishamwambia aache. Meneja wake, Timotheo, anasema pambano moja tu la mwisho. Hilo la mwisho nimelisikia mara ngapi? Naogopa. Kanisani sikusikia hata neno.

Alhamisi, 5 Juni

Kesho kupima uzito Vwawa, saa nne. Timotheo katangulia, kaonya: ukichelewa mzani, mkanda unavuliwa. Rabson analala ng'ambo, Nakonde, upande wa Zambia, kwenye gym anakofanyia mazoezi. Nimempigia, nikamwambia: vaa ile saa niliyokununulia, simu ikishika mtandao wa Zambia inarudi nyuma saa nzima. Ati, "Mama Faith, mimi nimezaliwa hapa hapa mpakani, utanifundisha?" Kweli. Tunduma hii hata mtoto wa chekechea ukimtajia saa anauliza: ya huku au ya kule?

Ijumaa, 6 Juni

Amechelewa!! Kafika mzani umeshafungwa. Ati simu ilikuwa na saa ya kule. Mkanda wamemvua bila ngumi hata moja. Timotheo kanipigia anafoka, utadhani mimi ndiye niliyeficha mzani. Nikasema pole, pole sana kaka. Nikakata simu — nikacheza jikoni peke yangu! Mungu anisamehe. Ahsante Yesu. Leo ndiyo ugali umepita kooni.

Jumamosi, 7 Juni

Mji mzima unamcheka. Stendi wameshampa jina: Bingwa wa Kule. Nilidhani atanuna. Wapi! Kalala fofofo mpaka jua limepanda.

Nimefua suruali yake ya jana. Mfukoni — ile saa! Inatembea. Saa ya huku, haijapungua hata dakika. Nimesimama na povu mikononi. Alikuwa nayo muda wote. Mwanaume mkubwa vile, kusema "naogopa" kumemshinda. Nimempenda upya, jamani. Saa nimeiweka kabatini, sijamwambia kitu.

Jumatatu, 9 Juni

Timotheo yuko uani sasa hivi. Naandika huku nakoroga uji. Kaja na habari njema, ati: wamekubali Rabson arudi kuugombea mkanda, mwezi wa nane, Vwawa hapo hapo. Na safari hii atamfuata mwenyewe na gari mpaka mlangoni.

Rabson yuko chumbani, hajatoka. Timotheo anapaza sauti: "Bingwa! Siku hiyo nakufuata saa mbili kamili. Tumeelewana?"

Faith kaacha kucheza.

Halafu ile sauti yake nzito, kutoka chumbani:

"Mama Faith, hebu muulize — ya huku au ya kule?"

Nimecheka mpaka mwiko umeanguka. Timotheo hacheki. Kasogea dirishani, ananitazama, anasubiri nimjibu kama tumeelewana.