Bi Maringo Hajarudi

Tarehe 6 Februari

Mwanangu Mama Pacha,

Marahaba. Najua umeshaniamkia moyoni kabla hujaufungua huu mstari, kwa hiyo nimeitikia mapema. Hujambo? Baba Pacha hajambo? Na hao maharamia wako wawili bado wanavunja vikombe? Mimi niko salama, ila miguu inavimba kidogo jioni, na pumzi inanikatikia nikipanda zile ngazi za nyuma. Usikunje uso, nakuona.

Usilalamike kwamba sipokei simu. Sikio la kulia limestaafu kama mimi, na la kushoto linasikia linalotaka. Wewe andika, mpe dereva wa basi, barua itanifikia.

Sasa habari za mto. Jumamosi kikundi chetu kilikwenda tena kupima. Uliniuliza tunapimaje bila mashine. Tunaingia majini, tunavuruga mawe kwa miguu, mmoja anatega wavu upande wa chini, halafu tunamwaga tulichopata kwenye beseni jeupe na kuangalia nani anaishi humo. Wakiwa funza wekundu na ruba watupu, mto unaumwa, kwa sababu hao wanakaa popote. Wakiwepo watoto wa kerengende, una nafuu. Lakini yupo mmoja, mdogo kama punje ya mchele, ana mikia miwili na miguu ya mbio. Huyo akionja uchafu kidogo tu anafunga virago. Tumempa jina la Bi Maringo. Tukimwona Bi Maringo tunajua maji ni mazima.

Hajaonekana tangu walipoanza kuosha malori pale juu ya daraja. Mwaka jana tulipiga kelele mpaka baraza la mji likayahamisha malori. Kwa hiyo namngoja. Mwalimu, kiongozi wetu, anasema nisiwe na haraka. Rafiki yangu Kinyozi anasema nimngoje kwa kiti, nisimngoje kwa kusimama. Huyo unamjua mdomo wake.

Nimekuwa fundi bomba maisha yangu yote. Nimewafikishia watu maji mpaka jikoni, na sikuwahi kuuliza maji yenyewe yana hali gani huko yanakotoka. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiyanywa kwa kiganja palepale tunapopimia. Nataka kuona mtu mwingine anayanywa hivyo kabla sijaondoka.

Kuhusu huyo daktari wako wa moyo: nitakuja. Acha kwanza nimwone Bi Maringo amerudi. Nikimwona tu, napanda basi.

Wabusu wajukuu.

Baba yako

*

Tarehe 19 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, ingawa umeshaitikia. Sisi wote wazima. Vikombe vimekwisha, sasa wamehamia kwenye sahani.

Baba, nimesoma barua yako nikacheka, halafu nikakasirika, halafu nikaenda kazini macho yamevimba. Mimi kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali. Naona mashuka ya waliokuja mapema na ya waliochelewa. Siyo hadithi nimesimuliwa. Daktari alipoona vile vipimo ulivyotuma aliniambia huo mlango wa moyo wako hauna muda wa kubembelezwa. Amekuwekea nafasi ya upasuaji mwezi wa tano. Nafasi yenyewe nimeipata kwa kumsumbua mpaka sasa akiniona kwenye korido anageuza njia.

Na wewe unaniambia unangoja mdudu!

Baba, wewe unaogopa kisu. Usimsingizie Bi Maringo wa watu. Mtu mzima aliyekuwa akiingia kwenye mashimo ya maji taka huku anaimba, leo anaogopa kulala kitandani usingizi ukamchukua? Sema tu unaogopa, nitakushika mkono mpaka mlangoni. Lakini usinifiche nyuma ya mikia miwili.

Chumba cha mbele ni chako. Pacha wamekubali kulala sebuleni, hawajawahi kukubali kitu haraka namna hiyo. Njoo.

Kitinda mimba wako

*

Tarehe 30 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Samahani kwa kimya. Kalamu ilikuwa nzito.

Ndiyo, naogopa. Umefurahi sasa? Naogopa kulala nisiamke, nikaacha beseni halijamwagwa. Lakini na Bi Maringo namngoja kweli, yote mawili ni kweli, usinigawe.

Juzi tumepima tena. Tumepata kaa wawili wakigombana na watoto wa kerengende wa kutosha. Mwalimu alifurahi, akasema mto umeanza kukaa kitako. Bi Maringo hayupo. Nilipekua beseni mpaka wenzangu wakakunja nyavu na kuniacha.

Siku hizi siingii majini. Wameniletea stuli, nakaa ukingoni kama bwana mkubwa, wanachokipata wananiletea niwaambie ni nani. Miguu imekuwa kama mikate, viatu havinitoshi, navaa ndala. Kinyozi ananikata nywele hapohapo kwenye stuli, anasema hajawahi kuwa na mteja mvivu hivi.

Daktari mwombe aniongeze muda kidogo. Mvua zikipungua maji yatakuwa maangavu, na ndipo Bi Maringo hupenda kutoka. Nipe hapo tu.

Baba yako anayekupenda, hata ukikunja uso

*

Tarehe 11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Tuko wazima.

Daktari hana muda wa kuongeza. Nafasi ni katikati ya mwezi wa tano, ikipita imepita, na anasema hawezi kuniahidi kwamba utaifikia nyingine. Nimekuandikia kama alivyosema, sikupamba.

Mama alipokufa nilikuwa bado sijaolewa. Ulinisuka nywele mwenyewe siku ya mazishi, mistari yote ikaenda upande, na nilikataa kufumuliwa. Nina wewe tu, Baba. Wewe ukiondoka nitakuwa yatima kamili, mtu mzima mwenye watoto lakini yatima. Hilo beseni lako halilioni hilo?

Nimempigia simu Kinyozi. Nimemwambia akuchomoe hapo ukingoni kwa njia yoyote anayoijua, hata kwa hila, hata kwa kukubeba mgongoni. Nakuambia mapema ili usiseme nimekuzunguka.

Mwanao

*

Tarehe 5 Mei

Mama Pacha, roho yangu,

Hujambo, hujambo, hujambo! Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya.

Bi Maringo amepatikana.

Usianze kupiga vigelegele, ngoja nimalize. Leo asubuhi tulikuwa mtoni, maji maangavu, mimi kwenye stuli yangu. Mara nasikia Kinyozi anapiga kelele kule kwenye mawe: "Mzee! Mzee Bomba! Amerudi!" Anakuja mbio na kibakuli, anateleza, anashika suruali. Nikatazama ndani. Ni yeye. Mikia miwili, mwendo wake uleule wa kujisikia. Mwanangu, nililia. Sioni haya kukuambia, nililia mbele za watu.

Kisha nikamtazama Kinyozi ili nimshukuru, nikaona wavu wake begani. Mkavu. Mkavu kabisa, kama umetoka kuanikwa! Mtu kavua mdudu kwa wavu ambao haujagusa maji! Na ndala zake zina ule udongo mwekundu wa kule juu msituni, kwenye chanzo, ambako Bi Maringo hakuwahi kuondoka.

Nikaelewa yote. Mtu mwenye goti bovu kama lile kapanda mlima mzima alfajiri, kamshusha Bi Maringo kwenye chupa ya chai iliyojaa maji baridi, ili mzee mmoja mkaidi apande basi. Hiyo hila ulimwagiza wewe. Nilitaka kukasirika, nikakuta sina pa kuanzia. Moyo huu wanaosema umeharibika ulijaa pomoni.

Sikumwambia kwamba nimejua. Angeaibika, na furaha yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Mwalimu naye aliuona ule wavu. Tukatazamana, akafunga kalamu yake, hakuandika kitu. Bi Maringo ni mgeni, mgeni hahesabiwi.

Kwa hiyo umeshinda, nakuja. Si kwa sababu mto umepona, haujapona bado. Nakuja kwa sababu nimeona ninavyopendwa, na mtu anayependwa hivyo hana ruhusa ya kufa kwa ubishi. Basi la Alhamisi. Waambie pacha waondoe vitu vyao chumbani kwangu.

Limebaki jambo moja dogo. Bi Maringo ninaye hapa mezani, kwenye kopo lenye mfuniko wa matundu, nimembadilishia maji mara mbili. Nikimwachia kwetu hatafika jioni. Kanuni ya kikundi niliiweka mimi mwenyewe, kila kiumbe kirudi palepale tulipokitoa, na siwezi kuanza kuivunja siku ya kuaga. Kinyozi siwezi kumtuma bila kumwambia kwamba nimejua. Kesho asubuhi nitapanda na kopo langu polepole, kwa fimbo, nikipumzika kila ninapotaka. Njia ni fupi na kuna kivuli. Mchana nitakuwa nyumbani nafunga mizigo.

Nataka supu utakayopika wewe, si ya kununua.

Baba yako, abiria

*

Tarehe 6 Mei

Baba,

Shikamoo. Huku salama, tumaini langu nanyi pia.

Tangu nikuandikie ile barua kali sijapata jibu, na nimejua nimekukosea. Sikutaka kukulilia namna ile. Baba, kama hutaki kuja, usije. Nitaacha kugombana. Nimeomba likizo, mwisho wa mwezi nitakuja mimi na pacha. Nitakaa na wewe ukingoni, unifundishe kumtambua huyo Bi Maringo, na ukitaka nitaingia majini mwenyewe kushika wavu. Wewe kula vizuri na uweke miguu juu ya mto wa kulalia.

Nakupenda. Si kawaida yetu kuambiana, lakini basi, nimesema.

Kitinda mimba wako

*

Tarehe 2 Juni

Baba,

Shikamoo.

Nakuandikia mezani kwako. Barua yangu ya mwisho nimeikuta hapa, mtu ameiweka chini ya miwani yako, haijafunguliwa. Ya kwako, ile ya furaha, dereva wa basi alinipa stendi wakati napanda kuja kukuzika. Simu ilikuwa imeshafika kabla yake. Nimeisoma njiani, ukiniambia nikae chini, na mimi nimeshakaa.

Nimekukasirikia, Baba. Wacha niseme. Nimekukasirikia mpaka meno yanauma. Kwa mdudu! Kwa kitu kidogo kama punje ya mchele! Chumba kilikuwa tayari. Ungemwachia hapo chini akafa, nani angekulaumu?

Mlinzi wa chanzo cha maji ndiye aliyekukuta. Ulikuwa unashuka, si unapanda. Umekaa umeegemea jiwe, fimbo magotini, kopo liko pembeni yako, tupu na kavu, mfuniko umefungwa vizuri. Kwa hiyo ulifika. Niliposikia hivyo nililia upya, na sijui kama nililia kwa uchungu peke yake.

Kinyozi ndiye aliyekunyoa kwa mara ya mwisho. Hakukubali mtu mwingine aguse. Baada ya mazishi alikuja hapa mlangoni, akagoma kuingia, akasema, "Mwanangu, mimi ndiye niliyemuua baba yako." Lile kopo lilikuwa limeshamweleza kila kitu. Nami nilikuwa nimemwambia hata kwa hila, kwa hiyo tulisimama pale wawili, kila mmoja anataka kulibeba kosa peke yake. Mwisho nikampa barua yako. Alisoma kwa sauti, polepole. Alipofika kwenye wavu mkavu akacheka, "Huyu mzee, kumbe aliona!" Halafu akafika pale ulipoandika unavyopendwa, akashindwa kuendelea. Nikammalizia mimi. Siku hizi anakuja kila jioni, anafagia uwanja wako ambao umeshafagiwa.

Jumamosi nilikwenda mtoni na kikundi. Maji ni baridi, hukuniambia. Nilivuruga mawe, Kinyozi akatega wavu, safari hii akauloweka kwanza na kunionyesha. Mwalimu alinifundisha majina. Tulipata kaa, konokono, watoto wa kerengende na funza wekundu. Nilitafuta mikia miwili mpaka mgongo ukakataa. Bi Maringo hajarudi, Baba. Mwalimu anasema labda mwakani. Nimemwambia mwakani nitakuja.

Kisha nikakaa kwenye stuli yako, wakaniachia beseni. Nikawarudisha majini mmoja mmoja, palepale tulipowatoa. Pacha walikuwa wananisaidia, wakauliza kwa nini tunajisumbua hivyo. Nikawaambia ni kanuni ya babu. Mmoja wao akasema, basi na babu naye tumrudishe. Nilikaa na beseni tupu magotini mpaka wakanivuta mkono twende nyumbani.

Supu niliipika jana. Tumekula bila wewe.

Mwanao