Ombi Ulilolizuia, Baba

Baba,

Leo nimekusomea Yasini, kisha nikakaa kukuandikia kwa hasira. Sijui kama mambo hayo mawili yanakaa katika moyo mmoja. Wangu ndivyo ulivyo.

Mama hajambo. Hataki gari yako iuzwe. Kila Ijumaa anamwambia mdogo wangu Said aiwashe, injini isilale. Anakula kidogo. Mimi na yeye tunazungumza, lakini si kama zamani, na sababu ni wewe.

Lilianza siku ya tatu ya matanga. Bi Raya, aliyekuwa katibu wako katika ofisi ya barabara miaka yote ile, alikuja kutupa pole. Alikaa karibu yangu, kikombe cha kahawa mkononi, akawa anakusifu mbele ya wanawake. "Baba'ko alikuwa mtu wa msimamo," akasema. "Hata lile ombi la madaktari, wakubwa walishakubali. Yeye ndo alosimama akalizuia."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Ombi gani, Bi Raya?"

"Lile la kupita njia ya pembeni foleni ikikaza. Kwani hukujua?"

Nikamwangalia Mama. Akateremsha macho. Naye alijua.

Baba, ombi lile nililiandika mimi! Nililiandika mezani kwako, ukanisahihishia Kiarabu changu. Tuliomba jambo dogo tu: daktari aliyeitwa kwa dharura, akiwa ndani ya gari yake mwenyewe, aruhusiwe kupita ile njia ya pembeni inayoachwa wazi kwa ambulensi. Sote tuliotia saini tunakaa Al Amerat na kazi zetu ziko upande wa pili wa milima. Ukalikunja, ukalitia mfukoni. "Niachie mimi," ukasema. Nikakuachia. Kila nikikuuliza, jibu lilikuwa, "Liko kwa wakubwa, mwanangu. Vuta subira." Nikawachukia watu ambao hata majina yao siyajui.

Njeri unamkumbuka, nilikusimulia. Yule Mkenya, msusi wa saluni moja Khuwair ya Kusini. Mimba yake ya kwanza niliiangalia mimi tangu mwanzo, na kwa vile tulikuwa tukizungumza Kiswahili, aliniona kama dada. Kondo la nyuma lilikaa pabaya, likaziba njia ya mtoto. Nikamwahidi: damu ikianza, saa yoyote, nitakuja.

Ilianza saa nane mchana. Nilikuwa nyumbani, siku yangu ya kuitwa. Nilipofika mlimani, magari yalikuwa yamesimama. Kulikuwa na ajali mbele. Njia ya pembeni ilikuwa tupu. Tupu, Baba, kuliani kwangu, mpaka unaona lami inavyong'aa kwa jua. Nikaelekeza tairi huko. Halafu nikakukumbuka wewe ulivyoniambia, "Usivunje sheria na hali ombi lenu liko mezani. Mtaliharibu wenyewe."

Nikarudisha tairi.

Ombi lenyewe wakati huo halikuwa kwenye meza yoyote. Ulikuwa umeshaliua.

Nilipofika hospitali, daktari wa zamu, kijana aliyekuwa peke yake, alikuwa ameshamtoa mtoto. Hakuwa hai. Njeri tulimwokoa kwa kumtoa kizazi. Alipozinduka aliniuliza, "Daktari, si uliniambia utakuwa hapa?" Hakupiga kelele. Bora angepiga.

Nikaja kulia kwako. Ukanifuta machozi kwa kiganja chako, ukanichemshia chai ya tangawizi, ukasema, "Wakubwa hawa hawana huruma." Wewe ulisema hivyo. Wewe.

Baada ya arubaini nilimfuata Bi Raya nyumbani kwake. Nikamwomba anieleze ulisema nini siku ulipolizuia ombi mkutanoni, neno kwa neno kama anakumbuka. Akaniambia, "Alisema njia ile ndo yanapokimbilia malori breki zikikatika mteremkoni. Akasema, nna binti daktari, namjua akiitwa anavyokimbia. Sitaki kuletewa maiti yake."

Basi ulikuwa na sababu. Na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ungeniambia, tungegombana, ningenuna wiki nzima, halafu ningetafuta chumba karibu na hospitali kwa siku zangu za kuitwa. Njeri ningemfikia. Lakini ulinichagulia uhai bila kuniuliza, ukanipa uongo nishike, na mimi nikaushika kwa adabu, kama binti yako ulivyonilea.

Sikulala nalo. Niliandika ombi jipya, nikalipeleka mwenyewe. Tulipoitwa mkutanoni, nikasema njia ya pembeni ifunguliwe kwa madaktari sehemu za tambarare, lakini mteremko wa mlimani uachwe nje. Nilikwenda kuutazama, Baba. Nilisimama pale asubuhi nzima, nikayaona malori. Ulisema kweli.

Wenzangu walikasirika. Khalfan, niliyesoma naye, aliniambia mbele ya watu wote, "Yaani umetuleta hapa utusaliti?" Nikamjibu, "Labda. Lakini nnakwambieni usoni, na nyinyi mpo, na mnaweza kunipinga." Walinipinga saa nzima. Kisha tukatia saini sote, yeye wa mwisho, bila kuniangalia.

Ruhusa imetoka wiki iliyopita, ya majaribio, tambarare tu. Siku zangu za kuitwa silali tena Al Amerat. Nimepata chumba Khuwair, karibu na hospitali.

Bado Njeri. Amerudi kusuka, nimemwona kupitia kioo cha saluni, nikapita. Jumamosi nitaingia. Nitamwambia nani alilizuia ombi, na kwamba ni baba yangu mzazi, na kwamba njia ilikuwa tupu na mimi sikupita. Akinifukuza, nitatoka.

Pumzika, Baba. Dua yangu huikosi, kila sala. Msamaha bado, sitaki kukudanganya. Siku nitakapoupata nitakuja makaburini nikwambie kwa mdomo wangu. Sitamtuma mtu.

Binti yako,
Thuwaiba