Nekesa Alipoikalia Mikono Yake

Daktari, mwalimu wangu,

Tangu tukuzike nimekuwa nikikuandikia kichwani na kufuta. Leo nimeshika kalamu kwa sababu kuna jambo nimelificha, na wewe ndiye mtu pekee ambaye angeniuliza.

Kliniki yetu ya Ngara bado iko juu ya duka la vitambaa. Kiti chako cha kung'olea meno sasa nakitumia mimi. Koti lako, hadi jana, nilikuwa nimeshindwa kulitoa msumarini. Kila asubuhi napanda ngazi nikijiambia nitafanya kila kitu ulivyofanya wewe, lakini ikifika saa nne, foleni imejaa hadi mlangoni, nageuka tena yule Atieno uliyemtania, "Unakimbizwa na nani?"

Wiki ya pili baada ya mazishi aliletwa Nekesa, msichana wa miaka saba kutoka Kangemi, magego mawili yameoza, moja kila upande. Nyanya yake aliingia akimtisha, "Wacha kusumbua daktari, ama nimwambie akudunge mbili." Wewe ungemkalisha nyanya huyo kwanza, umwombe taratibu asimtishe mtoto kwa sindano, maana hofu wanayoipanda nyumbani tunaivuna sisi kwenye kiti. Mimi nilicheka tu. Nikampa Nekesa ahadi yako, kwamba akisikia uchungu ainue mkono, nami nitaacha. Dawa ya kupaka ufizi sikuingoja ikolee. Kichupa cha ganzi nilikitia kwenye sindano kikiwa baridi, ingawa ulinifunza kuwa ganzi baridi huuma zaidi.

Aliinua mkono, Daktari. Nusu ya ganzi ilikuwa bado. Niliuona vizuri, vidole vyote vitano vimekunjuka. Nikawaza foleni, nikasukuma hadi mwisho.

Hakulia. Aliushusha mkono polepole, akanitazama. Jino lilipotoka nyanya yake akanisifu, "Huyu daktari ako na mkono mwepesi," nami nikaipokea sifa hiyo. Naona aibu hata kuiandika.

Hawakurudi kwa gego la pili, hadi jana. Nyanya alikuwa amegundua kuwa mtoto anatafuna upande mmoja, na kwamba kwa wiki nyingi amekuwa akisema ameshiba ili asiulizwe. Nekesa alipanda kitini bila kusukumwa. Akafungua kinywa. Kisha akaikalia mikono yake yote miwili.

Niliogopa. Nilijua nikimkosea tena, ataona afadhali akae na jino bovu mpaka lijae usaha kuliko kurudi kwetu. Nikamwambia, nyanya yake akisikia, kwamba siku ile niliuona mkono wake na sikuacha, na kwamba nilimkosea, anisamehe. Mikono ikabaki chini ya mapaja.

Nikapaka dawa, nikangoja. Kichupa nikakishika kiganjani mpaka kikapata joto, kama ulivyokuwa ukifanya huku ukiwahadithia watoto habari za ng'ombe wenu wa Limuru. Nje watu walianza kukohoa kwa kukosa subira. Nikamwambia ukweli, kwamba itauma kidogo.

Ncha ilikuwa haijagusa ufizi mkono mmoja ulipochomoka. Nikaiweka sindano kwenye trei. Akaushusha mkono. Nikaanza tena, ukainuka tena, nikaiweka tena. "Si umalize tu, daktari, huyu anakucheza," nyanya akaguna. Mara ya tatu sindano ilikuwa imeshaingia, nasukuma tone kwa tone, na mkono ukapanda. Mwili wangu wote ulitaka kumaliza.

Nikaitoa.

Kisha akautoa mkono wa pili chini ya paja, akailaza yote miwili tumboni, akafungua kinywa mwenyewe. Nikaanza upya, na haikuinuka tena. Gego likatoka, na wakati wa kuondoka aliniomba aende nalo nyumbani. Nikamfungia kwenye pamba.

Nililia baada ya wao kushuka ngazi, Daktari. Nilitaka sana uwe umeona.

Pumzika sasa. Koti nimelitoa msumarini, nimelifua, Jumatatu nitalivaa. Mkono mwepesi siwezi kukuahidi. Nakuahidi kwamba mtoto akiinua mkono nitaacha, hata foleni ikifika barabarani. Hakuna anayenikimbiza.

Mwanafunzi wako,
Atieno