Bismillahi Yangu na Bunduki ya Mzee Rasiklal

Waridi, uko kwenye mashine hapo Mombasa? Bosi ametoka, teleksi ni yangu. Shoga, jana nimeaibika.

Tulikuwa Kitisuru, klabu ya shabaha inachagua timu. Risasi nne, zote kando. Nne, Waridi. Na Sushila wa ofisini kwetu ananitazama.

Na nilifuata kila kitu. Nimelala kifudifudi, kitako cha bunduki begani, shavu juu yake, mkono wa kushoto unabeba tu, haukabi. Kidole hakivuti, kinafinya polepole mpaka risasi itoke yenyewe.

Kuingia timu lazima angalau moja kati ya tano ipige katikati; ikikosa na ya tano, nimeiaga. Mzee Rasiklal anayetufundisha akaja akapiga magoti kando yangu. Akauliza, "Mishi, wewe iko ongea na nani?"

Naongea na nani? Sijaongea na mtu.

"Kila saa wewe nafinya, mdomo nasema kitu. Shavu nacheza, bunduki nacheza."

Waridi, nilikuwa nasema Bismillahi. Kila risasi, bila kujua, kama mtu anayepeleka mkono kwenye sahani ya pilau.

Nikamwambia hiyo siwezi kuiacha, mama hangenisamehe.

"Nani sema acha? Sema kwanza, Mungu nasikia. Halafu funga mdomo, finya."

Nikasema kwanza. Nikafunga mdomo. Ya tano ikaingia katikati kabisa, na timu nimo.

Baadaye akalala kifudifudi yeye na bunduki yake, atuonyeshe. Kabla hajazuia pumzi afinye, midomo yake ikacheza kidogo.

Sikumwuliza iko ongea na nani.