Kelele za Ndani ya Pipa la Zege

Laeken, 6 Februari 2024

Mwanangu Lukman,

Assalamu alaykum. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila baridi inatupiga mpaka kwenye mifupa. Mama yako anakohoa kidogo, lakini kazi zake anafanya. Na wewe, mwili unasemaje? Huko kisiwani Gozo jua lipo?

Dada yako Imani amejifungua Ijumaa, mtoto wa kike. Tumemwita Tasnim. Nilikupigia simu palepale hospitalini, nikaiweka karibu na mdomo wa mtoto ili wewe mjomba umsikie akilia. Nikakuuliza, "Umemsikia?" Ukajibu, "Ndiyo, papa, mvua imekatika." Halafu ukakata. Imani aligeukia ukutani.

Si mara moja hiyo. Nikikupigia hupokei. Nikikutumia sauti, unaandika "sawa, papa" basi. Donc nimenunua stempu, nikuandikie barua. Mwaka jana ulipoondoka na rafiki yako Kabamba kwenda huko kufanya kazi kwenye kiwanda cha zege, nilikuombea dua mbele ya jamaa wote wa mtaani kwetu Buyenzi walioko hapa Bruxelles. Mimi sina kinyongo. Kama wewe unacho, kiandike nikisome.

Baba yako,
Burhani

Gozo, 25 Februari 2024

Papa mpendwa,

Wa alaykumu salaam. Nafurahi mko salama. Mwambie mama anywe tangawizi. Hongera kwa mjukuu, na mwambie Imani anisamehe. Mimi ni mzima. Sina kinyongo na mtu, ni réseau tu, hapa kiwandani haishiki. Barua ni bora, tafadhali endelea nazo.

Bon, nikueleze kazi. Kisiwa hiki ni mawe matupu. Wanayachimba, wanayasaga, sisi tunayachanganya na saruji na maji, tunajaza malori yale yenye pipa linalozunguka mgongoni. Wanajenga kila mahali. Juzi nilipita mahali palipokuwa na miti ya tini na ukuta wa mawe wa wazee wa zamani, nikakuta ghorofa tatu. Zege la pale limetoka kwetu. Nilisimama nikashindwa kujua nifurahi au nisikitike.

Barabara ni nyembamba. Wakiwa na sikukuu ya kanisa, lori linakwama nyuma ya watu na zege linaganda humohumo ndani ya pipa. Lazima mtu aingie alitoe. Siku hizi hiyo ndiyo kazi yangu.

Mwanao,
Lukman

Laeken, 28 Machi 2024

Mwanangu,

Nakusalimu kwa baraka za mwezi huu wa Ramadhani. Tunafunga, hakuna mgonjwa. Leo sitakuuliza hali, maana nimeshaambiwa.

Jumamosi nilikwenda Matonge, mtaa wa Waafrika hapa mjini. Pale Galerie d'Ixelles nikamwona Kabamba kwa kinyozi, amekuja likizo. Nikamwambia, "Mwambie mwenzako anipigie." Akamwomba kinyozi asimamishe mashine.

"Tonton, atakupigia namna gani? Mutoto wako hasikie tena."

"Hasikii nini?"

"Hasikie kitu. Ile mashine ya kupasula betoni imemumaliza masikio. Sisi anatuangaliaka mudomo."

"Mbona hakuniambia?"

"Anaogopa, tonton. Anasema papa yake anapenda sana kuongea kwa téléphone."

Nilikaa kwenye kiti. Kinyozi akanifunga kitambaa shingoni, akidhani nasubiri zamu yangu, na mimi sikumkataza. Nimenyolewa siku hiyo bila kutaka.

Miezi yote hii nilidhani umetuchoka. Nilikuwa nakusema vibaya rohoni, hata kwenye sala. Mama yako sijamwambia. Nataka jambo hili nilisikie kwako, kwa mkono wako.

Baba yako

Laeken, 11 Aprili 2024

Lukman,

Idi ilikuwa jana, ikapita bila neno lako. Salamu za wote. Mama yako sasa anajua, aliona pilau hainiliki akanibana mpaka nikasema. Hakulia. Alikwenda kuosha sahani zilizokuwa safi.

Sitaki maelezo marefu. Andika tu kwamba upo.

Baba

Gozo, 5 Mei 2024

Papa, mama,

Nipo. Natumaini barua hii inawakuta wazima. Nisameheni kimya. Kila nikishika kalamu nilikuwa naona uso wa mama.

Unaingia kwenye pipa kwa tundu dogo, umekumbatia mashine. Ndani ni giza na vumbi, na chuma kimekuzunguka pande zote, kwa hiyo mlio hauna pa kutokea. Unakupiga, unarudi, unakupiga tena. Patron, bosi wetu, alitupa vitu vya kuziba masikio, vya sponji. Vilikuwa vinadondoka kwa jasho. Kwanza nilisikia filimbi tu, usiku na mchana. Halafu sauti za watu zikawa kama zinatoka chini ya maji. Siku ile ya Tasnim nilisikia kitu kinachakarika, nikabahatisha. Daktari amesema sikio la kushoto halirudi. La kulia limebaki nusu.

Nilimwambia patron siingii tena. Akanipeleka kufagia uwanja, nikashukuru. Wiki iliyopita akaleta mtu mgeni, Bienfait, mtu mzima mwenye watoto Bujumbura, hajui hata pipa ni nini. Akampa mashine. Papa, sijui kilichonipata. Nilikwenda nikakaa kwenye lile tundu, miguu ndani, mwili nje.

Patron alikuja akisema, mimi naona mdomo tu. Nikamwambia, "Sema polepole, sisikii. Nimepoteza masikio humu." Akasema, "Basi ingia wewe." Nikasema, "Mimi siingii, na huyu haingii." Wenzangu walisimama, mashine zao chini. Kabamba alichomoa waya.

Siku ile Bienfait hakuingia. Mimi nilifukuzwa saa hiyohiyo. Kesho yake kulikuwaje sijui, na hilo linaninyima usingizi kuliko kazi. Kabamba na wengine wanasema watakwenda kwa wakaguzi wa kazi, na mimi nimeandika ushahidi wangu nikausaini.

Nataka kurudi, kama mnanipokea hivi nilivyo. Ila sitaki watu wa msikitini wanipigie kelele kama kwa mzee.

Mwanenu,
Lukman

Laeken, 14 Mei 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mama yako hajambo, na leo kikohozi kimempa nafasi.

Kukupokea si jambo la kuuliza. Chumba kiko wazi. Hapa nyumbani tumeanza kujifunza: Imani akiniona nasema huku nimempa mgongo mtu, ananirudisha kama mtoto wa chuo cha Kurani, "Papa, geuka!" Mama yako amehamisha meza karibu na dirisha ili nyuso zetu zipate mwanga. Wa msikitini niachie mimi.

Kuhusu Bienfait, uliyoweza uliyafanya. Usingizi utakuja wenyewe. Ukichelewa, tutakaa macho wote wawili.

Ukifika uwanja wa ndege panda treni, shuka Gare du Nord. Zamani ningekuita kwa sauti mpaka wazungu wageuke. Safari hii sitaita. Kaa palepale uliposhukia, usihangaike kunitafuta. Nitakuja taratibu mpaka mbele yako unione, halafu nitahamia upande wako wa kulia, ndipo nitoe salamu.

Baba yako,
Burhani